Sefti ya mpini kwenye bastola ya 1911: niliyojifunza kwa kuharibu

Bastola ya kwanza niliyoachiwa niifanyie kazi peke yangu ilirudi mezani kwangu ndani ya dakika kumi. Mwenye karakana aliichukua, akaigeuza, akapitisha ukucha wa dole gumba pale sefti mpya, yaani kizuizi cha usalama, ilipokutana na bodi, kiunzi cha bastola. Ukucha haukukwama popote. Akaitikia kwa kichwa, nami nikaanza kutabasamu. Kisha akaikoki nyundo, akaishika bastola kwa vidole viwili tu bila kugusa mgongo wa mpini, akavuta triga. Tak! Nyundo ikaanguka.

Hakunikaripia. Aliiweka mbele yangu, akasema nimwite nikishajua kwa nini. Ilinichukua alasiri nzima.

Kama unaanza ufundi wa silaha hapa Marekani, uwe umetoka kwenye vyuo kama Trinidad State kule Colorado au Lassen kule Susanville, California, au umeokotwa tu na fundi aliyependa mkono wako, kazi hii ya kubadilisha sefti ya mpini utakutana nayo mapema. Wateja wa bastola za 1911 wanaipenda, vipuri vyake viko tele, na kwa nje inaonekana kazi ya tupa na msasa tu. Mimi nilikuja nikijiamini. Tupa niliijua tangu mtaani Gerezani, Dar es Salaam, nilikokuwa nikisugua vyuma toka asubuhi hadi adhana ya alasiri. Kujiamini kwenyewe ndiko kulikoniponza.

Tuanze na kifaa chenyewe. Bastola hii ilibuniwa na John Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah, na jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911, ndiyo maana ya jina. Nyuma ya mpini kuna kipande cha chuma kinachobonyea unapoikamata barabara, nacho ndicho sefti ya mpini. Usipokibonyeza, mkono wake mfupi uliomo ndani unakaa nyuma ya fremu ya triga, kibati kinachoshikana nayo, na kuizuia isirudi. Ukikibonyeza, ule mkono unanyanyuka, triga inapita chini yake. Basi, ni hivyo tu. Ikikuponyoka au ikiwa imekaa mezani, triga haina njia.

Kwa nini watu wanaibadilisha, basi? Kwa sababu ya kung'atwa. Mkia wa sefti ya zamani ni mfupi, na nyundo inaporudi nyuma kwa kishindo inabana nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mwenye mkono mnene anatoka uwanja wa shabaha akivuja damu. Jeshi lenyewe lililiona hilo, na toleo lililofuata, M1911A1 la miaka ya 1920, likapewa mkia mrefu zaidi. Sefti za leo za dukani zimekwenda mbali kuliko hapo: mkia mpana uliopinda juu, ambao Wamarekani wanaufananisha na mkia wa biva, yule mnyama wao wa mtoni. Unakinga nyama, na unauruhusu mkono kukaa juu zaidi kwenye mpini. Nyingi zina pia kinundu chini, kwa ajili ya wale wanaoshika bastola huku dole gumba likiwa juu, maana kiganja chao huacha uwazi pale nyuma na sefti ya kawaida haibonyei sawasawa.

Kabla hujashika bisibisi, kuna jambo la makaratasi ambalo wengi wetu tuliotoka nje tunalichukulia kimzaha. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki au risasi. Misamaha ipo, kama ya mwenye leseni halali ya kuwinda, lakini usijisomee misamaha mwenyewe halafu ukajihukumia, muulize mwanasheria. Mwenye kadi ya kijani yuko kwenye kundi jingine. Karakana inayofanya biashara hii lazima iwe na leseni ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, na silaha ya mteja ikilala dukani inaandikwa kwenye daftari: imetoka kwa nani, imeingia lini, imetoka lini. Na ukipigiwa simu na binamu kutoka nyumbani anayetaka umbebee kipuri kimoja tu kwenye begi, mwambie hapana na msalimie shangazi. Kusafirisha vipuri vya silaha nje kuna vibali vyake hapa, na kule Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Udogo wa kipuri hautakuokoa.

Haya, mezani. Magazini inatoka kwanza, halafu slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, inavutwa nyuma na kufungwa hapo. Ukigeuza mpangilio huo, ukavuta slaidi magazini ikiwa bado imo, utakuwa umetoa risasi moja na kuingiza nyingine. Angalia chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo ulisikie tundu likiwa tupu. Risasi zote zitoke chumbani, si kusogezwa pembeni ya meza. Karakana niliyofundishwa ilikuwa na sanduku la chuma nje ya mlango, na hata magazini tupu iliishia humo.

Sasa, usifungue kitu. Ijaribu bastola kama ilivyokuja na uandike ulichokiona. Je, sefti ya mpini iliyopo inazuia? Sefti ya dole gumba, ile ya pembeni, inafunga? Usipofanya hivi, mteja akirudi na malalamiko hutajua kosa ni lako au lilikuja nalo. Mara mbili nimepokea bastola ambayo sefti yake ilikuwa imekufa kabla sijaigusa. Moja ilikuwa imefungwa kwa pini na mtu ili isifanye kazi kabisa, na mwenyewe alikuwa ameinunua kwa mtu bila kujua.

Uliza pia ni bastola ya kampuni gani na toleo gani. Hapa wanafunzi wengi huanguka. Kwenye Kimber za Series II, na kwenye 1911 nyingi za Smith & Wesson, sefti ya mpini ina kazi ya pili: ndiyo inayonyanyua kijipini cha kufungulia sindano ya kupigia risasi. Ukiiweka sefti isiyotengenezewa mfumo huo, triga itavutika, nyundo itaanguka, ila sindano itabaki imefungwa na risasi haitalia. Colt za Series 80 nazo zina kifungio cha sindano, lakini kile kinaendeshwa na triga, kwa hiyo hakikuhusu sana hapa. Ukijua tofauti hiyo kabla ya kuagiza kipuri, umejiokolea fedha na aibu.

Kufungua hakuna maajabu. Nyundo ikiwa imekokiwa, sefti ya dole gumba unaichezesha juu na chini huku ukiivuta nje, mpaka ifike mahali inapokubali. Usiitie bisibisi kwa nguvu, utaacha mkwaruzo ambao mteja atauona kabla hajakusalimia. Zuia kwa kidole kijispringi kilicho kwenye kibomba chake, maana kikiruka utapiga magoti chini ya meza hadi jioni. Shusha nyundo polepole ukiwa umeishika kwa dole gumba, toa pini ya chini, telezesha nyumba ya springi kuu, na sefti ya zamani inatoka yenyewe.

Sefti zinazouzwa ziko za aina mbili. Kuna zile zinazosemwa kuwa zinaingia bila kukata bodi. Kwa anayejifunza si mbaya, ila mara nyingi zinaacha mwanya nyuma, na bado ule mkono wa ndani utadai tupa. Nyingine zinataka yale masikio mawili ya nyuma ya bodi yakatwe kwa umbo la duara. Vipimo viwili utakavyokutana navyo ni nusu kipenyo cha inchi 0.250 na cha inchi 0.220. Soma karatasi ya kipuri, kisha soma jigi yako, kile kiongozi cha tupa, halafu soma tena kipuri. Ukikata kwa jigi ya 0.250 ilhali sefti ni ya 0.220, utakuwa na kazi zaidi tu. Ukikosea upande ule mwingine, chuma hakirudi.

Jigi ni vibati viwili vya duara vya chuma kigumu, kimoja kila upande, vinavyoshikwa na pini inayopita kwenye tundu la sefti ya dole gumba. Paka wino wa bluu wa mafundi kwenye masikio, funga jigi, ifunge bodi kwenye jiliwa lenye mashavu laini, anza tupa. Tupa inakata ikienda mbele, ikirudi inyanyue. Usiburute kama unayekwaruza sufuria. Peleka tupa ikipita masikio yote mawili kwa pamoja, ili upande mmoja usitangulie mwenzake. Ukikaribia vibati, badili tupa, chukua laini. Tupa itakapogusa kibati utaisikia kabla hujaiona: sauti inapanda, inakuwa ya kuteleza, kama kisu kwenye glasi. Acha hapo. Bodi za alumini hazina huruma hiyo. Alumini inakwenda haraka mno, na ukimaliza umeondoa tabaka gumu la juu ambalo halipakwi rangi likarudi.

Hapo ndipo utakapoanza kupenda kazi yako, nami ndipo ninapotaka usimame. Ingiza sefti mpya, pitisha pini, ibonyeze na uiachie. Itakwama mahali. Itoe, tafuta pale palipong'aa kwenye wino, gusa kwa msasa, rudisha. Mara ishirini, thelathini. Mwanya wa nyuma unapungua, unakuwa kama unywele, unakuwa mzuri. Mimi nilitumia siku mbili kwenye mwanya huo. Siku mbili! Kisha mkono wa ndani nikaupa robo saa, kwa sababu hakuna atakayeuona.

Fanya kinyume changu. Masikio yakishakubali sefti izunguke bila kukwama, uache mwanya ulivyo, nenda ndani kwanza.

Mkono wa sefti kutoka kiwandani huja mrefu makusudi, kwa sababu bastola hazilingani. Ukifunga kila kitu kwa mara ya kwanza, sefti haitarudi nje. Ncha ya mkono itakuwa imepanda juu ya fremu ya triga na kukwama pale. Fremu hiyo ni kile kibati kilichokunjwa kinachoizunguka magazini. Hapo kuna nyuso mbili za kukata, na hazifanyi kazi moja. Uso wa mbele wa ncha, ule unaotazamana na triga, ndio unaoamua triga itazuiwa mapema kiasi gani. Uso wa chini ndio unaoamua sefti ibonyee kiasi gani kabla triga haijaachiwa. Mimi siku ile sikujua tofauti. Niliona sefti hairudi, nikaukata uso wa mbele, ikarudi, nikafurahi. Nilikuwa nimeukata mno. Triga ikapata nafasi ya kutembea kabla haijafika kwenye mkono, na nafasi hiyo ilitosha kukisukuma kikamatio cha nyundo.

Kwa hiyo uso wa mbele unauendea kwa tupa ndogo, mapito mawili matatu, unafunga, unajaribu, unafungua tena. Unachotafuta ni sefti idondoke nyuma ya triga kwa shida kidogo tu, na triga ikivutwa isisogee isipokuwa ule mtikisiko mdogo unaousikia kwenye ncha ya kidole. Ukifika hapo usiuguse tena. Sasa geukia uso wa chini. Ibonyeze sefti taratibu huku ukiijaribu triga. Mafundi wengi hupenda iachie katikati ya safari yake. Ikiachia mwishoni kabisa, mtu aliyekamata vibaya akiwa na haraka triga itamgomea. Ikiachia mwanzoni mno, ni kama haipo. Na hakikisha triga haikwaruzi chini ya mkono inapopita, maana mteja atakwambia triga yake imekuwa na mchanga.

Springi bapa yenye vidole vitatu inahusika pia. Kidole cha kulia, ukiitazama bastola kwa nyuma, ndicho kinachoisukuma sefti nje. Sefti ikirudi kivivu, watu hukimbilia tupa. Angalia springi kwanza. Mara nyingi inataka kupindwa kidogo tu, kidogo kuliko unavyodhani, kwenye kidole hicho kimoja.

Halafu nyundo. Nyundo ya asili ina mkia mrefu, na kwenye sefti nyingi za mkia mpana itagonga. Wengi huweka nyundo fupi yenye kichwa cha pete. Kosa la wanaoanza ni kupima nyundo ikiwa imekokiwa, kuona uwazi, na kuridhika. Slaidi inaporudi nyuma inaisukuma nyundo chini zaidi ya pale inapokaa ikikokiwa. Kwa hiyo funga slaidi, ivute taratibu hadi mwisho, na utazame nyundo ikizama kwenye sefti. Fanya hivyo sefti ikiwa imebonyezwa, kisha ikiwa haijabonyezwa. Kama inagusa, kila risasi itakuwa inaipiga sefti yako nyundo, na hilo utalijua baada ya mia moja au mia mbili.

Majaribio sasa, na hapa utatumia masikio. Bastola tupu, umehakikisha tena ni tupu. Koki nyundo. Shika bila kubonyeza sefti, vuta triga kwa nguvu kuliko mtu yeyote angeivuta kwa bahati mbaya. Nyundo isianguke. Achia triga. Sasa bonyeza sefti, sogeza nyundo karibu na sikio, na uivute nyuma kwa dole gumba taratibu, upana wa uzi. Kimya? Vizuri. Ukisikia tik ndogo, kikamatio kilikuwa kimesogea kikakaa ukingoni, na sasa kimerudi mahali pake. Nyundo haikuanguka, ni kweli, lakini bastola hiyo haijafaulu. Ile yangu ya kwanza ilivuka tik ikafika tak. Nimeshaona za watu waliofikia tik wakaiita imekwisha, kwa sababu karakana ilikuwa na redio na hawakusikia kitu. Zima redio. Jaribio hilohilo la kusikiliza lirudie kwenye sefti ya dole gumba, maana umeitoa na kuirudisha.

Ukikuta umekata mno, usijaribu kuificha kwa kupinda springi. Mkono unaweza kuongezwa chuma kwa kuchomelea kwa TIG, yaani kwa umeme na gesi, na fundi anayejua, kisha ukakatwa upya. Au nunua sefti nyingine. Mimi nilinunua nyingine kwa fedha yangu, na wiki ile nilikula ugali na maharage ya kopo. Bodi iliyokatwa mno ni msiba mwingine kabisa, usiombe.

Baada ya ndani kukubali, rudi nje ujifurahishe. Masikio yatakuwa mapana au membamba kuliko sefti. Yalinganishe kwa msasa uliozungushiwa kijiti, anza na namba 220, nenda 320, malizia 400, ukielekea upande mmoja tu. Chuma kisichoshika kutu utakiacha hivyo au utakipiga mchanga. Cha rangi nyeusi kimeshapoteza rangi yake pale ulipokata, kwa hiyo mwambie mteja bei ya kurudisha rangi kabla hujaanza. Ukimwambia baadaye, mtagombana.

Atakuja mteja atakayekuomba uizibe sefti kwa pini kwa sababu inamsumbua kwenye mashindano. Atakwambia Browning Hi-Power haina sefti ya mpini na ilianzishwa na Browning huyohuyo. Ni kweli haina. Lakini hii ya kwako mezani inayo, na siku ikimpata mtu, wakili atauliza nani aliizima. Mpe sefti yenye kinundu, au muulize anavyoshika. Mara nyingi tatizo ni kiganja, na dakika tano za kumwonyesha jinsi ya kukamata zinatosha.

Mwisho ni uwanja wa shabaha. Magazini ya kwanza ina risasi moja tu. Ya pili, mbili. Ukiona inarudi na kutulia baada ya kila mlio, jaza za kawaida, piga hamsini, kisha rudi karakana ufanye majaribio yote upya kwa masikio, kwa sababu vyuma vikishagongana vinakaa mahali pake halisi, na robo ya unywele inatosha kubadilisha matokeo.

Mteja akija kuchukua, usimkabidhi ikiwa ndani ya mfuko. Fungua slaidi mbele yake, mwonyeshe chemba tupu, halafu mfanyie lile jaribio la vidole viwili. Mwache naye alifanye. Sefti yake ya zamani itie kwenye bahasha, andika namba ya bastola juu yake, mpe. Ni mali yake, na siku akitaka kuiuza bastola, mnunuzi ataiulizia.